Siku Kaakimya Ilipohesabiwa

Kaeni vizuri, na anayetaka kuuliza nchi ni ipi aondoke sasa hivi. Nchi siitaji. Naipenda, halafu kitambulisho chake ninacho mfukoni. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo na wizara arobaini na tatu, na kwamba kilomita ishirini na nne kutoka Mji Mkuu wake kuna jiji dogo liitwalo Kaakimya. Mimi ni Katibu Kumbukumbu wa jiji hilo. Kazi yangu ni kuandika historia yake, na naifanya Jumapili baada ya kula.

Historia yenyewe ni fupi, msihofu. Palikuwa na shamba la mkonge. Mkonge ukafa, mwenye shamba akarudi kwao, akabaki mlinzi mmoja na mkewe. Baadaye makarani wa serikali wakagawiwa viwanja, wakajenga nyumba za vigae vyekundu, wakapanda nyasi za kukatwa kwa mashine. Mji Mkuu ukasema hongereni, na sasa tunaleta dampo letu pale bondeni. Lo! Wenye nyumba waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Wakafukua sheria zote, wakakuta kwamba Mji Mkuu hauruhusiwi kumwaga taka ndani ya jiji jingine. Basi wakawa jiji. Mitaa kumi na mmoja, nyumba mia nne na ishirini, meya, mkufu wa meya, nembo yenye njiwa, yote hayo kwa ajili ya kukwepa maganda ya ndizi ya watu wengine.

Sheria mama ya Kaakimya ina maneno mawili: Makazi Tupu. Hapa watu wanaishi, basi. Duka hakuna, kinyozi hakuna, shule hakuna. Zahanati haipo, na mtu akitaka kuumwa anashauriwa aumwe akiwa Mji Mkuu. Hata ofisi ya jiji ni marufuku, kwa hiyo Baraza hukutana Nyumba Namba 1, sebuleni kwa Mstahiki Meya Kasebele, na kwa kuwa ni nyumba ya mtu, madiwani huvua viatu mlangoni. Nimeshuhudia mijadala mikali kuhusu urefu wa ua, diwani akipiga meza kwa ghadhabu huku kidole gumba kinachungulia kwenye soksi.

Sasa mtauliza, watu wa jiji lisilo na kazi wanafanya kazi wapi? Mji Mkuu, wapi tena! Kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, Kaakimya nzima inaondoka, watoto nyuma ya gari wamelala na sare za shule. Wanarudi giza limeingia. Diwani mmoja alikaa miaka sita bila kujua nyumba yake ina rangi ya kijani, akadhani amepotea njia siku aliporudi mchana kwa ajili ya jino.

Na hao wanaobaki mchana, wanaofagia, wanaopika, wanaomwagilia hizo nyasi? Swali zuri, na Baraza lililijibu zamani kwa Sheria Ndogo Namba 9. Mtumishi wa nyumbani yupo kazini. Kazi ni marufuku Kaakimya. Kwa hiyo mtumishi hayupo. Ilipita bila kupingwa, na chai iliyonywewa siku hiyo aliileta mmoja wao.

*

Kulikuwa na doa moja tu katika jiji letu, na doa hilo lilikuwa linanukia vizuri mno.

Yule mke wa mlinzi wa shamba hakuondoka. Anaitwa Bi. Sikudhani, anaishi Nyumba Namba 40, ukingoni mwa bonde, chumba na ukumbi na jiko la nje. Mumewe alifariki kabla jiji halijawa jiji, akazikwa nyuma ya nyumba. Bi. Sikudhani akabaki na karai, akaanza kukaanga vitumbua. Kila alfajiri Kaakimya ikiondoka ilisimama kwanza kwake. Mstahiki Meya alikuwa anachukua sita, na iliki iongezwe.

Lakini kukaanga vitumbua ni biashara, na biashara ni kazi, na kazi mnajua. Mama wa watu alishapewa notisi kumi na nne. Mpeleka notisi ni Bwana Tindwa, Afisa Makazi, mtu mwembamba ambaye uafisa wake ni wa alfajiri na Jumapili kwa sababu mchana ameajiriwa Mji Mkuu.

"Shikamoo, Mama. Nimeleta notisi."

"Marahaba. Weka hapo, mwanangu. Vingapi leo?"

"Vinne. Na unaamriwa kuacha kupika mara moja."

"Nitaacha. Nikufungie?"

Na alifungiwa kwenye notisi ya wiki iliyopita, akaenda zake akilamba vidole. Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi mwisho wa dunia, kama si barua.

*

Barua ilitoka Wizara ya Miji, Majiji na Maeneo Yanayofanana na Hayo. Ilisema kwamba Jumanne ijayo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, majiji yote yatahakikiwa. Jiji litakalokutwa na wakazi pungufu ya mia tano litafutwa na kurudishwa Mji Mkuu.

Sebule ya Namba 1 ililipuka. Dampo! Baada ya miaka yote hii, dampo! Mtu akasema rahisi, Jumanne tubaki nyumbani. Tukampigia makofi. Kisha akaulizwa ruhusa ya kazini itapatikanaje, na hapo tukapoa. Kupata ruhusa lazima uwe na barua ya ukazi kutoka jiji lako. Barua hutolewa siku za kazi, saa za kazi, na mtoa barua ni Bwana Tindwa, ambaye siku za kazi, saa za kazi, yuko Mji Mkuu akiwaandikia barua watu wa majiji mengine. Isitoshe, theluthi nzima ya wenye nyumba wa Kaakimya ni makarani wa Wizara hiyo hiyo, na walikuwa wameshapangiwa Jumanne hiyo kwenda kuhakiki majiji ya mbali. Mimi mwenyewe nilipangiwa jiji lililo mwendo wa saa tano. Nilikwenda. Lilikuwa na watu wengi sana.

Mstahiki Meya alisimama, akaweka mkufu sawa.

"Waheshimiwa," alisema, "ukazi si mwili. Mwili ni jambo la mpito. Ukazi ni dalili! Mhakiki akikuta radio inaongea, pazia limefunguliwa, slipa zipo mlangoni, atasema nini? Atasema hapa pana mtu! Nchi nzima inaendeshwa kwa dalili, sembuse sisi?"

Tulisimama wote, tukapiga makofi. Na ili mhakiki asikute doa, ikapitishwa kwamba Jumanne hiyo hiyo, saa nne asubuhi, tingatinga lije liondoe Nyumba Namba 40. Mke wa Meya alipaza sauti kutoka jikoni akauliza yule mama atakwenda wapi. Meya akajibu kwamba swali hilo ni zuri na litaundiwa kamati.

*

Yaliyotokea Jumanne sikuyaona, wala hakuna mwenye nyumba aliyeyaona. Nasimulia kwa mujibu wa taarifa ya uhakiki, kurasa thelathini, na kwa mujibu wa dereva wa tingatinga, mtu mkweli aitwaye Chilongani.

Mhakiki alikuwa mwanamke mmoja, Bi. Hosiana, aliyetoka jiji la mbali kwa basi, na kiatu kimoja kimeanza kuachia soli. Alianza Mtaa wa Kwanza saa tatu kamili. Radio mia nne na ishirini zilikuwa zinaongea kwa pamoja. Aligonga Namba 1. Akafungua mwanamke wa makamo mwenye ufagio mkononi.

"Wenyewe wapo?"

"Hawapo."

"Sasa nani anasikiliza radio?"

"Hakuna. Tumeambiwa tuiwashe."

"Na hizi slipa?"

"Nazo tumeambiwa tuziweke."

"Wewe je, unaishi hapa?"

"Hapana, dada. Mimi nafanya kazi tu."

Na Namba 2 hivyo hivyo, na Namba 3. Mbwa wanabweka, radio zinatangaza hali ya hewa, mlango unafunguliwa, wenyewe hawapo, mimi nafanya kazi tu. Hadi saa tano na nusu alikuwa amemaliza mitaa miwili na fomu yake imeandikwa sifuri. Akasikia harufu ya vitumbua. Aliifuata, jamani, angefanya nini na njaa ile?

Pale Namba 40 alikuta tingatinga limesimama, injini inanguruma, na dereva ameketi kwenye kigoda anakula. Chilongani alikuwa na shida yake. Karatasi yake ilisema kabla ya kubomoa apate saini ya mamlaka ya jiji, na mamlaka yote ya jiji ilikuwa Mji Mkuu.

"Mimi nyumba naiangusha kwa saini tu," alimweleza Bi. Hosiana. "Bila saini nakula, nasubiri."

Bi. Sikudhani alikuwa amekaa kati ya karai na ukuta wa nyumba yake, mgongo kwenye ukuta kabisa, kama anayeushikilia. Vitumbua vya siku hiyo, taarifa inasema, havikuwa duara.

"Bibi, unaishi hapa?" Bi. Hosiana aliuliza, kalamu juu.

"Miaka thelathini na minane. Mume wangu yuko hapo nyuma. Ningekuwa na pa kwenda ningekuwa nimekwenda, mwanangu, mimi si mkaidi. Nimechoka tu. Kila gari likipita moyo unanidunda."

Bi. Hosiana akaandika: moja. Kisha kwa huruma, maana alikuwa hajazoea Kaakimya, akamweleza ukweli. Jiji likishindwa linafutwa.

"Alhamdulillahi! Basi hawatanibomolea."

"Likifutwa, Bibi, dampo linakuja."

"Linakuja wapi?"

"Bondeni." Akafungua ramani, akaweka kidole. Kidole kiliangukia jikoni.

Bi. Sikudhani aliinama juu ya ramani. Jiji likisimama, tingatinga. Jiji likianguka, takataka za Mji Mkuu juu ya kaburi la mumewe. Akafuta mikono kwenye khanga, akasema kwa sauti ya mtu aliyekasirika vya kutosha kuacha kuogopa:

"Wanatakiwa wangapi?"

"Mia tano. Tunaye mmoja."

"Na huyo anayeandikwa awe nani? Mwenye vigae?"

Bi. Hosiana aligeuza fomu mbele na nyuma. "Fomu ina maswali mawili. Leo umeamka wapi, na leo utalala wapi. Haiulizi kingine."

"Haya. Usiondoke."

Sasa, kuna jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kuandika historia sikuwahi kuliandika, kwa kuwa hutokea mchana. Kila siku saa sita, wenyewe wakiwa mbali, vyungu vikiwa jikoni, watu wa Sheria Ndogo Namba 9 hupita kwa Bi. Sikudhani. Wanakunywa chai, wanasengenya mabosi, wanapeana barua za nyumbani, anayeumwa anachemshiwa majani. Siku hiyo walikuja, wakaliona tingatinga, wakasimama mbali.

"Njooni hapa!" Bi. Sikudhani aliita. "Nyamizi, wewe wa Namba 1, njoo. Leo umeamka wapi?"

"Kwa Meya tu, Bibi. Kwenye kile chumba cha stoo."

"Na utalala wapi?"

"Hapo hapo, kwani nina pengine?"

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu."

"Mwandike!"

"Lakini Bibi, sisi si wakazi," Nyamizi alisema, na akarudi nyuma hatua moja. "Wakisikia watanifukuza."

Hapo Bi. Sikudhani alimshika mkono. "Mwanangu, wakinibomolea mimi, wewe kesho saa sita utakaa wapi? Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Nyamizi alitazama tingatinga, akatazama karai. Akasema: "Nyamizi Lubango Masunga. Andika."

Na baada yake walimwagika. Kabula wa Namba 17, Hemedi mkata nyasi, Leokadia, Shija, mapacha wawili wa Mtaa wa Tisa wanaochanganywa na mabosi wao kila siku. Aliyesita jina lake lilitajwa na Bi. Sikudhani, la kwake, la babaye na la kijiji. Waliopita mitaani kuwaita wengine walikwenda mbio. Chilongani alizima injini ili mhakiki asikie vizuri. Hadi saa tisa alasiri fomu zilikuwa zimeisha, majina mengine yameandikwa nyuma ya notisi, na Kaakimya ilikuwa na wakazi mia sita na kumi na wawili.

*

Matokeo yalitangazwa redioni Ijumaa. Kaakimya imepita! Mstahiki Meya alilia kwenye simu. "Dalili!" alisema. "Niliwaambia, dalili!" Na kwa kuwa jiji sasa lilikuwa salama, akamwita Chilongani aje Jumapili, wakuu wakiwa nyumbani na kalamu zao.

Jumapili tulijaa pale Namba 40. Meya alivaa mkufu. Bi. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni pake, macho yake yakifuata lile koleo la chuma la tingatinga. Nilimwonea huruma, naapa, ila nilikuwa na daftari la historia mkononi na sikuwa na mahali pa kuliweka.

"Nipe karatasi nisaini," Meya alisema.

"Jina lako lipo daftarini, mzee?" Chilongani aliuliza.

"Daftari gani? Mimi ni Meya!"

Chilongani alitoa waraka mpya wa Wizara, akausoma polepole kwa kidole. Kuanzia siku ya uhakiki, mamlaka yote ya jiji yatatumiwa na wakazi waliomo kwenye daftari la uhakiki. Asiyemo ni mgeni. Daftari litunzwe kwa Mkazi Namba Moja.

Bi. Sikudhani aliingia ndani, akatoka nalo kifuani.

Tulilifungua vichwa vimegongana. Herufi ya K ilikuwa na Kabula, Kasusura, Kondo. Kasebele hakuna. Tindwa hakuna. Mimi pia sikuwemo, na niliangalia mara tatu.

"Hii ni hujuma!" Meya alifoka. "Namba 1 ni nyumba yangu, ule ni ukuta wangu, hili ni jiji langu!"

"Waraka una njia, mzee, usijipandishe presha," Chilongani alisema. "Mgeni anayetaka ukazi anadhaminiwa na mkazi anayeishi naye nyumba moja. Fomu hii hapa. Unajaza, mdhamini anaweka dole gumba, unakuwa mkazi, unasaini, mimi naangusha."

Meya alicheka kwa ahueni. Hilo tu? Akageukia umati uliokuwa umesimama upande wa pili wa uzio, akaita kwa sauti yake ya barazani:

"Dada! Hebu njoo hapa!"

Wakageuka wanawake mia tatu.

Ilibidi aende mwenyewe kumwonyesha kwa kidole. Nyamizi akaja, akasimama mbele yake, mikono nyuma. Nyuma ya Meya tayari tulikuwa tumejipanga foleni, maana kila mmoja alitaka kuwa mkazi kabla ya chakula cha mchana.

Meya akaweka fomu kwenye paja, akafungua kalamu. Mstari wa kwanza alijaza upesi, jina lake, vyeo vyake, nafasi ikamwishia. Akashuka mstari wa pili. *Majina matatu ya mdhamini. Yajazwe na mwombaji kwa mkono wake, bila kuuliza, kuthibitisha kwamba wanaishi pamoja.*

Kalamu ikasimama.

Akamtazama Nyamizi. Nyamizi akamtazama. Hakuwa na kiburi, hakuwa na hasira, alingoja tu kama anavyongoja kila siku aambiwe chai ipelekwe wapi. Meya akageuka kumtafuta mkewe. Mkewe akainama kurekebisha viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Andika, baba," Bi. Sikudhani alisema. "Miaka kumi na moja amekupikia."

Chilongani akapanda, akazima injini, akafunga mlango wa tingatinga kwa ufunguo. Tukasikia radio za nyumbani kwetu. Meya bado ameinama na kalamu yake. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu foleni nzima ilikuwa imeacha kumtazama, kila mtu anaangalia chini, midomo inachezacheza.

Mimi nilikuwa wa saba. Nikafumba macho, nikalitafuta jina la yule wa nyumbani kwangu. Nilikumbuka chapati zake. Nilikumbuka kikohozi chake cha asubuhi, na kwamba mwaka juzi aliomba ruhusa kwenda kumzika mamaye nikamwambia subiri hadi Jumapili. Jina lilikuwa linaanza na M, hilo nilikuwa na hakika nalo kabisa. Au N.